Mayai Mchangani: Mbwa, Punda na Ndege Kwenye Kingo za Mabwawa Yetu

Kanyenye haina ufuko. Kutoka hapa hadi baharini, kwa njia ile ya zamani ya misafara iliyoanzia Bagamoyo, ilikuwa safari ya miezi mitatu hivi kwa miguu. Lakini maji tunayo, na penye maji pana ukingo. Bwawa la Kazima liko karibu na mji, la Igombe liko mbali kidogo upande wa kaskazini, na vijiji vinavyotuzunguka vina malambo yaliyochimbwa kwa ajili ya mifugo. Kila mwaka, mvua zikiisha kiasi cha mwezi wa Mei, maji hayo huanza kurudi nyuma. Ifikapo Julai huwa yameacha mkanda mpana wa tope lililokauka, mchanga na changarawe, na mkanda huo ndio tunaotaka kuuzungumzia katika ukurasa huu wa familia.

Ni mahali panapogombewa na wengi. Ng'ombe hushuka hapo kunywa, maana visima vya malishoni vimekauka. Punda huja na madumu mgongoni. Wavuvi huanika nyavu zao. Watoto huja kuogelea, na siku ya pili ya Idi familia nzima huja na mikeka, sufuria za pilau na redio. Nyuma ya ng'ombe huja mbwa wa wachungaji, na nyuma ya sufuria za pilau huja mbwa wasio na mchungaji. Katikati ya wote hao kuna mwenyeji ambaye hakuna anayemwona: ndege anayetaga mayai yake chini, juu ya udongo mtupu, pasipo jani wala kijiti cha kuyasitiri.

Tumzungumzie huyu kwanza, kwa kuwa wengine wote tunawajua.

Wako wa aina kadhaa. Yupo yule mkubwa kiasi, mweusi, mweupe na kijivu, mwenye miguu mirefu, ambaye mlio wake ni kama nyundo ya mhunzi ikigonga chuma. Waingereza wamempa jina la mhunzi kwa sababu hiyo hiyo, na sisi wa Unyamwezi, nchi iliyofua majembe yake kwa karne nyingi kabla ya jembe la dukani, hatuhitaji kufafanuliwa mlio huo. Wapo pia wadogo, ambao watu wa pwani huwaita vitwitwi, wanaokimbia mbio fupi fupi juu ya tope, wakasimama ghafla, wakadonoa, wakakimbia tena. Hawa wote hawajengi kiota juu ya mti. Mama huparua kishimo kidogo kwa kifua na miguu, pengine akaweka vijiwe viwili vitatu, kisha hutaga mayai mawili, matatu au manne yenye rangi ya udongo na madoa meusi. Ukisimama hatua tatu kutoka hapo huyaoni. Ulinzi wake wote ni huo wa kutoonekana.

Mayai hayo huatamiwa karibu mwezi mmoja. Kwa jua la Tabora la saa saba mchana, kazi ya mzazi mara nyingi si kuyapasha joto bali kuyawekea kivuli. Akiondoka kwa muda mrefu, yai huiva likiwa mchangani. Yupo kitwitwi mmoja, ambaye wataalamu humwita wa Kittlitz, mwenye hila ya ajabu kwa jambo hili: akiona hatari ikija polepole, husukasuka kwa miguu na kuyafukia mayai yake mchangani kabla ya kuondoka, na akirudi huyafukua. Ni kazi ya sekunde chache, nayo humtosha ikiwa anayekuja ni ng'ombe anayetembea au mtu anayepita zake. Haimtoshi ikiwa anayekuja ni mbwa anayekimbia.

Hapa ndipo ilipo tofauti ambayo wengi wetu hatuifikirii. Ng'ombe hukanyaga kiota bila kukusudia. Ni suala la miguu na bahati. Kundi la ng'ombe mia mbili lina kwato mia nane, na likiachwa litawanyike ukingoni kote, hesabu ni mbaya. Lakini ng'ombe mmoja mmoja ndege humkabili: husimama mbele yake, akatandaza mbawa na kupiga kelele, na mara nyingi mnyama yule mkubwa hukata kona. Mbwa hakatizwi hivyo. Mbwa anatafuta kwa pua, na harufu haifichwi na madoa ya ganda. Isitoshe, ndege wanamjua mbwa kuwa ni wa jamii ya mbweha, adui yao tangu zamani, kwa hiyo humkimbia akiwa bado mbali. Mbwa anayerukaruka ukingoni kwa furaha, asiyekula hata yai moja, anaweza kuwaamsha ndege wa ukingo mzima kutoka kwenye mayai yao, na jua likamaliza kazi.

Wale vifaranga wakianguliwa, taabu haiishi. Hawalishwi kiotani kama makinda ya shomoro. Ndani ya saa chache hutoka wakatembea kwa miguu yao kufuata chakula majini, na hukaa mwezi mmoja au zaidi kabla ya kuweza kuruka. Katika muda wote huo, wakitishwa, hujilaza chini na kutulia kama kokoto. Mama naye hukimbia upande mwingine akiburuta ubawa mmoja kana kwamba umevunjika, ili adui amfuate yeye. Mtoto wa mjini akiuona mchezo huo hudhani ndege kaumia, humkimbilia amshike, na mguu wake ukatua palepale alipojilaza kifaranga.

Wasomaji wetu wengi wanaikumbuka ile hadithi aliyoipokea Abu Dawud kutoka kwa Abdullah bin Mas'ud, Mwenyezi Mungu amridhie. Walikuwa safarini pamoja na Mtume (S.A.W.), na alipokwenda haja, baadhi yao waliwaona makinda wawili wa ndege mdogo wakawachukua. Mama yao akaja akawa anatandaza mbawa zake. Mtume aliporejea aliuliza ni nani aliyemhuzunisha ndege yule kwa watoto wake, akaamuru warudishwe. Tumeisikia darsani tangu tukiwa wadogo, na kwa kawaida huelezwa kama hadithi ya huruma tu. Lakini inafaa kutazama pia amri iliyomo ndani yake. Waliochukua makinda hawakuambiwa wajute. Waliambiwa warudishe. Ndege yule alikuwa na dai, na dai lake lilitekelezwa.

Sasa tumgeukie mbwa, ambaye katika magazeti ya Waislamu huandikwa mara chache, na akiandikwa huwa ni kwa ajili ya najisi yake tu.

Katika madhehebu ya Imam Shafi, yanayofuatwa na wengi wetu katika nchi hii, hukumu inajulikana: alichoramba mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Inajulikana pia kwamba kufuga mbwa bila haja kunapunguza thawabu za mfugaji. Lakini hadithi hiyo hiyo imewatoa mbwa wa aina tatu: wa kuwinda, wa kulinda mifugo na wa kulinda shamba. Kwa hiyo mbwa wa mchungaji anayeshuka na ng'ombe bwawani yupo pale kwa ruhusa. Pia hakuna mahali popote ambapo unajisi wa mbwa umefanywa kuwa sababu ya kumnyima haki. Katika Sura ya Al-Kahf mbwa ametajwa pamoja na vijana wa pangoni, akiwa amenyoosha miguu yake kizingitini. Yule mtu aliyeteremka kisimani akamchotea maji mbwa mwenye kiu kwa kiatu chake alisamehewa madhambi yake, kama walivyopokea Bukhari na Muslim.

Kuna tukio jingine lisilosimuliwa sana. Waandishi wa sira, akiwemo al-Waqidi, wameeleza kwamba katika mwaka wa 8 Hijria, jeshi la Waislamu likiwa njiani kwenda kuifungua Makka, Mtume (S.A.W.) alimwona mbwa jike aliyekuwa akinyonyesha watoto wake. Alimweka sahaba mmoja, Ju'ayl bin Suraqa, asimame karibu naye mpaka jeshi lipite, ili asibughudhiwe. Maelfu ya watu na wanyama wao wanapita, na mtu mmoja anasimamishwa kazi kwa ajili ya mbwa mwenye watoto. Tunaomba msomaji aikumbuke picha hiyo, kwa kuwa tutakutana na mfano wake mahali pasipotarajiwa.

Tatizo letu mitaani ni kwamba tumeichukua hukumu ya najisi tukaiacha hukumu ya haki. Nyumba nyingi hazikubali kuwa na mbwa, lakini hutupa makombo nje, na mbwa anayekula makombo hayo usiku ndiye anayebweka mwizi akipita. Anafanya kazi ya nyumba bila kuwa wa nyumba. Hana jina, hana kamba, hana chanjo, na akizaa watoto saba, saba hao ni wa mtaa. Wanapozidi, husikika watu wakitaka wapigwe risasi au watiliwe sumu. Sumu iliyowekwa kwenye nyama haichagui. Humwua mbwa, kisha humwua tumbusi anayemla mbwa. Miezi michache baadaye mbwa wengine huwa wameshazaliwa, maana jaa la makombo liko palepale.

Kwa mbwa huyu asiye na mwenyewe, bwawa wakati wa kiangazi ni meza iliyoandaliwa: matumbo ya samaki, mabaki ya sherehe, na mayai. Hatari yenyewe haimhusu ndege peke yake. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kwa mwaka, karibu wote Afrika na Asia, na takriban wote kwa kuumwa na mbwa. Dalili zikishaonekana kwa mgonjwa hakuna dawa. Mtoto akiumwa, kidonda kioshwe papo hapo kwa maji mengi ya kutiririka na sabuni kwa muda wa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku hiyo hiyo akachanjwe, hata kama kidonda ni kidogo. Wataalamu wanasema mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukatika. Lakini ni nani atakayempeleka kwa afisa mifugo mbwa ambaye kila nyumba inamkana?

Punda ana kesi nyepesi zaidi. Punda hufuata njia. Akizoeshwa kuteremka majini kwa njia moja na kupanda kwa njia hiyo hiyo, atafanya hivyo maisha yake yote, na viota vilivyo mita ishirini kulia au kushoto havitapata madhara. Anayempotosha ni mwanadamu anayetafuta njia ya mkato.

Farasi hatuna, na historia inaeleza kwa nini. Mbung'o na maradhi ya farasi viliifanya njia ya misafara kuwa njia ya miguu ya watu. Stanley alipotoka Bagamoyo mwaka 1871 kumtafuta Livingstone alikuwa na farasi wawili, punda 27 na mbwa wa ulinzi. Farasi wote wawili walikufa mwanzoni mwa safari, mbwa naye hakuiona Tabora, na punda wengi waliishia njiani. Waliofika na mizigo ni wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, ambao mabega yao ndiyo yaliyoujenga mji huu. Tunamtaja farasi hapa kwa sababu kwa watu wengine yeye ni sehemu ya ugomvi huu wa ukingo wa maji, kama alivyo ngamia anayebeba watalii katika fukwe za Mombasa, na tunataka kujua wenzetu wameuamua vipi.

Tuanze na Marekani, katika pwani ya Pasifiki. Huko kuna kitwitwi mweupe mdogo anayetaga juu ya mchanga mkavu wa ufukwe, ambaye mwaka 1993 aliwekwa chini ya ulinzi wa sheria kwa kuwa alikuwa anatoweka. Fukwe hizo hizo ndizo watu wanakotembeza mbwa na kupanda farasi. Jimbo la Oregon halikuzifunga zote. Lilitenga sehemu za kutagia, likaweka majira, kuanzia tarehe 15 Machi hadi 15 Septemba, na ndani ya majira hayo likatofautisha wageni. Mtembea kwa miguu na mpanda farasi wanaruhusiwa kupita, mradi wabaki kwenye mchanga wenye unyevu karibu na maji, maana ndege hatagi hapo. Mbwa haruhusiwi sehemu hizo kabisa, hata akiwa na kamba. Majira yakipita, wote hurudi. Tangu hapo ndege hao wameongezeka.

Katika jimbo la California, mahali paitwapo Coal Oil Point, ndege huyo huyo alikuwa ameacha kuzaliana kwa miaka mingi. Mwaka 2001 waliweka uzio wa kamba kuzunguka sehemu ndogo ya ufukwe na wakasimamisha watu wa kujitolea, ambao kazi yao ilikuwa ni kusimama pale, kuwasalimu wapita njia na kuwaomba wafunge mbwa wao. Ndege wakaanza kutaga tena. Kamba, na mtu aliyesimama. Msomaji atakumbuka kazi aliyopewa Ju'ayl bin Suraqa.

Kwingineko ugomvi haujaisha kwa wema hivyo. Huko Victoria, Australia, farasi wa mashindano walikuwa wakifanyishwa mazoezi kwenye ufukwe karibu na mji wa Warrnambool ambako hutaga ndege mwingine adimu wa mchangani. Wenye farasi walikuwa na fedha na biashara kubwa, na mvutano ulidumu kwa miaka. Tunautaja kwa sababu unaonyesha jambo ambalo kwetu pia lipo: mara nyingi anayeshinda kwenye ukingo wa maji ni mwenye mifugo mingi.

Na jambo hilo lilishatolewa uamuzi zamani sana. Bukhari amepokea kwamba Mtume (S.A.W.) aliifanya Naqi' kuwa hima, yaani ardhi iliyozuiwa kwa maslahi ya umma, na Umar bin al-Khattab, Mwenyezi Mungu amridhie, akafanya vivyo hivyo kwa Sharaf na Rabadha. Umar alimweka mtumishi wake Hunayy awe msimamizi, na agizo alilompa ni la kustaajabisha kwa mtawala. Alimwambia awaruhusu wenye ngamia wachache na kondoo wachache waingie, na awe macho na mifugo ya matajiri wakubwa, akawataja kwa majina Abdurrahman bin Awf na Uthman bin Affan. Sababu aliyoitoa ni kwamba mifugo ya hao ikifa, wao wana mashamba na mitende ya kurudia. Lakini maskini mifugo yake ikifa atakuja na watoto wake mlangoni kwa Khalifa kuomba. Hima, basi, haikuwa ukuta wa kumzuia kila mtu. Ilikuwa ni mlango wenye bawabu anayejua nani aingie kwanza.

Kwa upande wetu wa Afrika Mashariki, mfano wa karibu ni Misali, kisiwa kidogo upande wa magharibi wa Pemba. Wazee wa huko husimulia kwamba Nabii Khidhri aliwaomba wavuvi msala wa kusalia, nao hawakuwa nao, akasema basi kisiwa chenyewe kiwe msala wake. Kisiwa hicho hutagiwa mayai na kasa, na wavuvi wa vijiji vingi hutegemea maji yake. Mwaka 1998 Serikali ya Zanzibar ilikitangaza kuwa eneo la hifadhi, na katika miaka iliyofuata masheikh na walimu wa madrasa walishirikishwa kuwaeleza wavuvi, kwa dalili za dini yao, kwa nini sehemu fulani za bahari zisivuliwe na nyingine zivuliwe. Kasa na kitwitwi wana shida moja. Wote wawili huliacha yai mchangani, wakamwachia anayepita.

Sheria ya nchi nayo haikukaa kimya. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, imeweka umbali wa mita 60 kutoka kwenye kingo za mito, maziwa na mabwawa, ambamo hairuhusiwi shughuli ya kudumu wala ile inayoharibu hifadhi ya ukingo. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka mwenye mnyama amtunze. Tanzania pia ni mwanachama wa mkataba wa kuwalinda ndege wa majini wanaohama kati ya Afrika, Ulaya na Asia. Nasi wa Tabora tumo ndani ya jambo hili kuliko tunavyojua: eneo la ardhi oevu la Malagarasi na Muyovozi, lenye hekta zaidi ya milioni 3, ambalo sehemu yake imo mkoani mwetu, lilikuwa la kwanza nchini kuandikishwa mwaka 2000 chini ya Mkataba wa Ramsar. Maji ya mto Igombe huelekea huko huko magharibi. Kuanzia Septemba, vitwitwi waliozaliana Ulaya na Siberia hushuka kwenye matope yetu kujaza mafuta mwilini, na kila wanaporushwa na mbwa hutumia sehemu ya akiba waliyoihitaji kwa safari ya kurudi. Mji huu ulikua kwa kuwapa nafasi wasafiri wapumzike kabla ya kuendelea Ujiji au Karagwe. Ni msafara wa namna yake, huu wa hewani, nao unaendelea ingawa ile mingine imekoma.

Lakini mita 60 za kwenye karatasi hazimsaidii ndege ikiwa ng'ombe hawana pengine pa kunywea. Tunaona ni udhalimu kumwambia mchungaji aliyetembea tangu alfajiri kwamba asiteremke majini kwa ajili ya yai. Ndege hahitaji ukingo mzima, na ng'ombe pia hawauhitaji wote. Wanachohitaji ni kuteremka mahali pamoja panapojulikana, na ikiwezekana kujengewa birika nje ya ukingo, jambo ambalo hulinda pia maji tunayokunywa wenyewe, kwa kuwa samadi ya makundi makubwa huishia ndani ya maji hayo hayo. Jumuiya za watumiaji maji na serikali za mitaa zina uwezo wa kupanga hili. Sehemu iliyobaki, hata ikiwa ni hatua mia mbili tu za upande usio na njia, izungushiwe vigingi na kamba ya katani kuanzia Juni hadi Oktoba. Mvua za Novemba zikishuka, maji hurudi kuufunika mkanda wote na vigingi huondolewa.

Kwa familia, mambo ni madogo zaidi. Makombo ya siku ya Idi yarudishwe nyumbani au yafukiwe mbali na maji, maana huwaita mbwa na kunguru, na kunguru akishamaliza wali huanza kutafuta mayai. Manati zibaki nyumbani. Mtoto akimwona ndege anayeburuta ubawa, afundishwe kusimama palepale, atazame chini ya miguu yake, kisha arudi kwa njia aliyojia. Ni somo ambalo watoto hulipenda, kwa sababu linawafanya wajue siri ambayo wakubwa wengi hawaijui. Wenye mashamba wanaofuga mbwa wa ulinzi wawafunge kamba wanapopita nao bwawani, na wawachanje. Kuhusu mbwa wa mtaa, tungependa kuona mtaa mmoja tu, uwe Kanyenye au Gongoni, unakubali kwamba mbwa wake ni wake: wahesabiwe, wachangiwe chanjo, jaa lifunikwe. Kuchangia chanjo hakumwingizi mbwa chumbani kwa mtu wala hakubatilishi udhu wake.

Wapo watakaosema kwamba katika mji wenye shida ya maji, ajira na ada za shule, kumfikiria ndege wa matopeni ni anasa. Tumeyasikia maneno hayo na hatuyadharau. Ila tunachoombwa hapa hakigharimu ada ya mtu. Kinagharimu kamba, njia moja ya kuteremkia, na wiki chache za kutopita upande fulani.

Kinachotutia wasiwasi zaidi ni wale wachungaji wanaotoka mbali na makundi makubwa, ambao hufika kwenye malambo yetu mwishoni mwa kiangazi na kuondoka baada ya wiki mbili tatu. Hawahudhurii mikutano ya mtaa na gazeti hili haliwafikii. Mbwa wao ndio wengi, na ng'ombe wao ndio wenye kiu kuliko wote. Hao wafuatwe mapema na wazee wa kijiji, kwa salamu na kwa kuonyeshwa njia ya kuteremkia, kabla kundi halijanusa maji.